Usanifu kwa kompyuta: mchoro unaokumbuka vipimo vyake

Fundi wa Uyole, Mbeya, aliyetengeneza mashine nzuri ya kupukuchua mahindi, akipata mteja wa pili, mara nyingi hana mchoro wa kurejea. Mchoro wake ni mashine yenyewe. Anaifuata kwa mteja wa kwanza, anaipima kwa futikamba, anaandika vipimo kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kisha anakata chuma. Mashine ya tatu ataipimia kwenye ya pili. Kila kipimo kinapohamishwa hivyo kinapungua au kuzidi kidogo, hadi ifike siku mashine inatikisika na hakuna anayejua kosa lilianzia wapi. Fundi huyo akihama au akifariki, ujuzi wote unaondoka naye, kinabaki chuma tu.

Usanifu kwa kompyuta, ambao vyuoni huitwa kwa herufi tatu, CAD, ni kukijenga kitu chote ndani ya kompyuta kabla chuma hakijakatwa. Kinachojengwa humo huitwa modeli. Wengi wakiambiwa hivyo hufikiria picha ya kuvutia inayozungushwa kwenye skrini, lakini picha ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Modeli ni vipimo vilivyofungamanishwa, kimoja kikimfuata mwenzake. Picha ni dirisha la kuvitazamia.

Chukua puli za mashine hiyo hiyo, yaani magurudumu yanayovishwa mkanda. Mota ya umeme inazunguka mara 1,440 kwa dakika, nawe unataka ngoma ya kupukuchulia izunguke mara 720. Puli ya mota ikiwa na kipenyo cha milimita 100, ya ngoma lazima iwe 200. Kwenye karatasi ungeandika 200, basi. Kwenye modeli unaandika kanuni: mizunguko ya mota, mara kipenyo cha puli yake, gawanya kwa mizunguko ya ngoma. Sasa anakuja mteja kutoka kijiji kisicho na umeme, anataka injini ya dizeli inayozunguka mara 2,000. Unabadilisha namba moja. Puli ya ngoma inakua yenyewe hadi karibu milimita 278, kinga ya mkanda inapanuka kuifuata, matundu ya boliti yanasogea. Kama fremu ni finyu, utaiona puli ikiingia ndani ya chuma cha fremu pale pale kwenye skrini, na hujaunguza hata rodi moja ya kuchomelea.

Wazo la kufungamanisha lina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alitoa programu aliyoiita Sketchpad. Mtu alichora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, na aliweza kuiamuru kompyuta kwamba mistari hii miwili iwe sambamba, ikawa sambamba. Miaka hiyo hiyo ya 1960, Pierre Bézier wa kiwanda cha magari cha Renault, Ufaransa, alikuwa akitafuta namna ya kuieleza mikunjo ya bodi ya gari kwa hesabu, kwa nukta chache tu zinazouvuta mstari upinde. AutoCAD ilitoka mwaka 1982 na kuuleta uchoraji kwenye kompyuta ndogo za mezani. Mwaka 1988 ilitoka Pro/ENGINEER, iliyoeneza viwandani modeli za namna niliyoieleza kwenye puli. Ndege ya Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1994, ilisanifiwa yote kwenye kompyuta.

Turudi karakanani, maana huko ndiko moyo wangu ulipo. Kwa maoni yangu, pahali usanifu huu unapomfaa zaidi fundi wa nyanda zetu za juu ni kwenye bati la kukunja. Fikiria hopa, ule mdomo wa kumwagia mahindi: juu mpana, chini mwembamba, na tundu la chini haliko katikati. Kila upande una umbo lake. Fundi hukata katoni, hujaribisha, hupunguza, hujaribisha tena, kisha hulaza katoni juu ya bati na kukwaruza alama. Ni ufundi wa kweli, ninauheshimu. Lakini nimeshuhudia pia karakana moja Mafinga ikiharibu bati zima la futi 8 kwa 4 kwa sababu upande mmoja uligeuzwa kushoto badala ya kulia.

Kwenye programu unaisanifu hopa ikiwa imesimama, kama itakavyokaa kwenye mashine, kisha unaiamuru ijikunjue. Inalala bapa, na mistari ya kukunjia imeshachorwa. Uzuri wake zaidi ni kwamba programu inajua bati likikunjwa huvutika upande wa nje na kubanwa upande wa ndani. Kunja bati la milimita 2 kwa pembe mraba, kona ya ndani ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 2, na kila upande wa mkunjo ukiwa milimita 50 ukipimwa kwa nje. Utadhani ukate milimita 100. Unatakiwa kukata kati ya 96 na 97. Mafundi wazoefu wanalijua hili kwa mikono yao. Modeli inalihesabu kwa kila mkunjo. Ukimaliza, unachapa umbo hilo kwa ukubwa wake halisi, unabandika karatasi juu ya bati, unakata kwa kufuata mstari.

Yako mambo ambayo kompyuta haitakufanyia. Beringi namba 6205, inayouzwa kila duka la vipuri, ina tundu la milimita 25 la kuingizia shafti, yaani mhimili unaozunguka. Kwenye skrini, shafti ya 25 ni 25 kamili. Kwenye mashine ya kukerezea, kitu kama hicho hakipo. Kila shafti hupungua au kuzidi. Ili ikae vizuri kwenye beringi hiyo, kwa kawaida huagizwa iwe kati ya milimita 25.002 na 25.015, nafasi ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Ikipungua sana, beringi huteleza na kuila shafti. Ikizidi, itagoma kuingia, au itaingia kwa nyundo na kuharibika. Mipaka hiyo lazima msanifu aiandike mwenyewe. Vilevile kwenye nguvu: programu inaweza kukuonyesha shafti itapinda wapi ikielemewa, lakini inakuamini. Ukiiambia chuma ni kigumu, kisha ukatumia cha skrepa usichokijua, hesabu yote ni bure.

Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, chenye vijana wa uhandisi. Natamani kijana mmoja abebe kompyuta yake hadi kwa fundi wa mashine za mahindi, akae naye siku mbili, aipime ile mashine ya kwanza, iliyo bora, kabla haijachakaa.

Gharama isimzuie. FreeCAD ni programu ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2002, na hufanya kazi bila intaneti. Kazi ikiisha, hifadhi pia faili la aina ya STEP, kwa kuwa programu nyingi huweza kulifungua likiwa na umbo lake kamili. Faili la aina nyingine, STL, hubeba pembetatu za juu ya umbo tu, na linafaa zaidi kwa mashine za kuchapa vitu vya 3D. Kwa fundi wa kukereza anayezungusha mashine yake kwa mkono, mpelekee karatasi: shafti imechorwa kutoka ubavuni, kila kipimo kikiwa na mipaka yake, na namba ya beringi imeandikwa pembeni.