Msimbo wa kanda: diski nzima, kompyuta inaikataa

Kompyuta ikikataa DVD ya filamu, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mikwaruzo. Diski inafutwa kwa fulana, inapuliziwa pumzi, inapakwa dawa ya meno (mimi nimeshapaka), inarudishwa kwenye kompyuta, na kompyuta inagoma palepale. Ukiitia kwenye deki ya sebuleni inacheza mwanzo hadi mwisho. Hapo diski haina kosa. Geuza kasha lake, utafute nyuma kijipicha cha tufe la dunia chenye namba katikati. Namba hiyo ndiyo msimbo wa kanda.

Kanda hapa si zile za video tulizokuwa tukikodi mtaani. Ni wingi wa ukanda, yaani sehemu ya dunia. DVD zilipoingia sokoni, Japani mwaka 1996 na Marekani 1997, kampuni kubwa za filamu zilitaka dunia igawanywe mafungu. Marekani na Kanada zikapewa 1. Ulaya Magharibi, Japani, Afrika Kusini, Misri na nchi za Ghuba zikapewa 2. Sisi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo tuko 5, kapu moja na India na Urusi. China ina 6 yake peke yake, na 8 ni ya ndege na meli za abiria.

Sababu ilikuwa biashara. Filamu ilikuwa ikionyeshwa kwanza Marekani, na kwingine ikafuata miezi kadhaa baadaye. Wenye mali hawakutaka diski iliyonunuliwa New York itangulie kufika London kabla sinema za huko hazijauza tiketi. Bei nazo zilitofautiana nchi na nchi.

Diski inabeba namba yake, na mashine ina yake. Zisipolingana, hakuna picha. Deki nyingi za bei nafuu hazijali, maana zilitoka kiwandani zikiwa wazi kwa kanda zote. Kompyuta ni habari nyingine. Tangu mwaka 2000, viendeshi vya DVD vya kompyuta (kile kifaa kinachoisoma diski) vinatunza namba ya kanda ndani yao wenyewe, si ndani ya Windows, na unaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu. Ya tano ikipita, namba iliyopo inaganda. Kufuta Windows na kuiweka upya hakusaidii kitu, ingawa utakutana na mafundi watakaokutoza hela kwa kazi hiyo.

Ukitaka kujua umebakiwa na ngapi kwenye Windows, fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, bofya kiendeshi cha DVD kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake. Kuna ukurasa wa kanda unaoonyesha namba ya sasa na mabadiliko yaliyosalia. Angalia tu, usiguse.

Kabla ya kuilaumu kanda, jaribu diski nyingine. Kama kila DVD ya filamu inagoma lakini mafaili ya kawaida yanasomeka, huenda kompyuta haina programu ya kuchezesha. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft iliacha kuiweka kwa kila mtu kama zamani. Programu ya VLC ni ya bure na huliondoa tatizo hilo. Mara nyingine huweza hata kuruka kufuli ya kanda, ila viendeshi vingine havikubali. Na kama diski ni ya Blu-ray, usijisumbue: kiendeshi cha DVD kinasoma kwa mwanga mwekundu na Blu-ray inahitaji wa buluu-zambarau, kwa hiyo hakitaona chochote.

Diski za kuchomwa mtaani, pamoja na filamu zilizotafsiriwa na madijei, kwa kawaida hazina kanda kabisa. Ndiyo maana wengi wetu tumekaa miaka bila kulisikia neno hili. Linaibuka siku ndugu anapotoka ughaibuni na diski halisi.

Kwangu ilikuwa binamu kutoka Muscat na katuni za watoto, kanda 2. Kompyuta ikauliza kama nibadilishe, nikakubali. Kesho yake nikaweka diski yangu ya kanda 5, ikauliza tena, nikakubali tena. Watoto wakataka katuni. Sikusoma hata mara moja ule mstari mdogo uliokuwa ukihesabu kurudi nyuma. Kiendeshi kile kimeganda kwenye 2 mpaka leo, na diski zangu za kanda 5 nazitazamia sebuleni kwenye deki.