Hisa mpya, kiwanda kilichosimama na haki za mwanahisa mdogo: ufafanuzi kwa wanahisa wa Mtwara na Lindi

Malalamiko ya aina moja yamekuwa yakiletwa mara kwa mara na wanahisa wa kampuni ndogo za ubanguaji wa korosho katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na kwa kuwa jibu analopewa mtu mmoja dirishani halimfikii jirani yake mwenye shida ileile, nimeona ni vyema yaelezwe mahali pamoja. Lalamiko lenyewe huwa hivi: kampuni ilianzishwa na watu ishirini au thelathini wanaofahamiana, wakiwamo wakulima, walimu wastaafu na wafanyabiashara, kila mmoja akanunua hisa, kiwanda kikaanza kazi, kikayumba, hatimaye kikasimama. Kisha mwanahisa akasikia kwamba zimetolewa hisa mpya, kwamba ameingia mwekezaji aliyelipa bei ndogo kuliko aliyolipa yeye, na kwamba asilimia yake imeshuka kwa nusu. Anafunga safari kuja kwetu tunaohudumia masuala ya usajili wa makampuni, akitaka arudishiwe hisa zake. Ieleweke kwamba maelezo haya hayahusu kampuni yoyote mahsusi wala hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Tuanze na kiwanda, kwa sababu wengi huanza na hitimisho kwamba fedha zimeliwa. Korosho ghafi huuzwa kwa mnada kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, ulioanza kutumika katika zao hili msimu wa 2007/08, na mnada huo humkutanisha mbanguaji mdogo wa Newala au Ruangwa na wanunuzi wakubwa wanaopeleka mzigo India na Vietnam. Msimu ni mfupi. Anayetaka kubangua mwaka mzima analazimika kununua malighafi ya mwaka mzima ndani ya miezi michache, na huhitajika kilo nne au zaidi za korosho ghafi ili kupata kilo moja ya iliyobanguliwa, hivyo fedha nyingi hulala ghalani kabla mteja wa kwanza hajalipa. Mtaji ukiisha mapema, mashine husimama hata kama ni nzima. Na zikiwapo malighafi, bado kuna suala la boila, yaani mtambo wa kutengeneza mvuke, na ukaushaji: moto ukizidi, korosho hubadilika rangi, mvuke usipokuwa wa kutosha, ganda halilegei na mashine huvunja punje. Korosho nzima nyeupe ya daraja la W320, yaani ile ambayo ratili (pauni) moja huwa na punje 300 hadi 320, haiuzwi bei moja na vipande, kwa hiyo kiwanda kinachovunja sana kinaweza kuchapa kazi usiku na mchana na bado kikaishia hasarani. Mwanahisa ana haki ya kuuliza ni tani ngapi zilinunuliwa, zilitoa punje nzima kiasi gani na mkopo wa benki unadai kiasi gani. Maswali hayo matatu yana manufaa kuliko tuhuma, na mkurugenzi anayeshindwa kuyajibu amejieleza mwenyewe.

Jambo la pili linatuchukulia muda mwingi kuliko inavyostahili. Hisa ya kampuni haifanani na hisa ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wala akiba ya SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, na anayejitoa hurejeshewa anachostahili kwa mujibu wa taratibu za chama chake. Katika kampuni, kura hufuata hisa isipokuwa katiba ya kampuni iseme vinginevyo, na fedha uliyolipia hisa imekwisha kuwa mali ya kampuni. Huwezi kuidai kama amana. Unachomiliki ni sehemu ya kampuni, na sehemu hiyo huweza kupungua kwa uwiano pasipo mtu yeyote kugusa hisa zako, kwa kuwa hisa za jumla zimeongezeka.

Kupungua kwa asilimia peke yake hakuonyeshi kwamba mwanahisa amedhulumiwa, na hapa naomba msomaji achukue kalamu. Tuchukulie kampuni ina hisa 10,000, ambazo thamani yake ya awali kwenye katiba ni shilingi 1,000 kila moja, lakini waanzilishi walizinunua kwa shilingi 10,000. Mama mmoja ana hisa 500, yaani asilimia 5, alizolipia shilingi milioni 5. Kiwanda kimesimama, na wakurugenzi wanatoa hisa mpya 10,000 kwa mwekezaji kwa shilingi 4,000 kila moja, hivyo kampuni inapata shilingi milioni 40. Mama huyu sasa ana asilimia 2.5. Ikiwa kampuni, baada ya kutoa madeni, ilikuwa na thamani ya shilingi milioni 30, sehemu yake ilikuwa shilingi milioni 1.5, baada ya fedha mpya kuingia kampuni ina milioni 70, na asilimia 2.5 ya hizo ni milioni 1.75. Hajapoteza kitu kwa kuingia kwa mwekezaji. Hasara yake ilikwisha kutokea kiwandani. Lakini ikiwa majengo, mashine na kiwanja vilikuwa na thamani halisi ya milioni 80 baada ya madeni, sehemu yake ilikuwa milioni 4, na baada ya hisa mpya kampuni ina milioni 120 huku yeye akibaki na milioni 3. Milioni moja yake imehamia kwa mgeni. Bei aliyolipa yeye zamani haina nafasi katika hesabu hii. Kinachotakiwa kujulikana ni thamani ya kampuni siku hisa mpya zilipotolewa, nani aliikadiria, na kama wanahisa wa zamani walipewa nafasi ya kununua kwa bei ileile kabla ya mtu wa nje.

Nafasi hiyo ya kutangulizwa hutafutwa kwenye katiba ya kampuni. Zipo katiba zinazotamka kwamba hisa mpya zitolewe kwanza kwa wanahisa waliopo kulingana na idadi ya hisa zao, na zipo ambazo hazisemi lolote. Inasikitisha kuona wanahisa waliotia saini katiba iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine bila kuisoma, wakagundua baada ya miaka kwamba kifungu wanachokitegemea hakimo. Vilevile mtaji ulioidhinishwa, yaani kikomo cha hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa, si fedha iliyopo benki. Katiba inaposema mtaji wa kampuni ni shilingi milioni 50 uliogawanywa katika hisa 50,000, na zilizokwisha kutolewa ni 10,000, maana yake zipo hisa 40,000 ambazo zinaweza kutolewa, na katiba nyingi huwapa wakurugenzi mamlaka ya kuzigawa. Ikiwa hisa zinazokusudiwa zinazidi mtaji ulioidhinishwa, azimio la mkutano mkuu linahitajika kwanza, na Msajili wa Makampuni ajulishwe. Pale inapobidi kubadili katiba yenyewe, Sheria ya Makampuni ya 2002, Sura ya 212, inataka azimio maalumu: taarifa ya siku zisizopungua 21 inayotaja kusudio hilo, na robo tatu ya kura zilizopigwa. Kwa hiyo wanahisa wadogo ambao kwa pamoja wana zaidi ya robo ya kura wanaweza kulizuia azimio hilo, ilimradi wahudhurie au watume wawakilishi. Wanaobaki nyumbani kwa hasira hawahesabiwi.

Taarifa ya mkutano itolewe kwa njia iliyotajwa katika katiba. Ujumbe uliorushwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia mkutano hautoshi, na wenyeviti wa bodi wanalifahamu hilo. Nimewahi kushika muhtasari wa mkutano ambao majina kumi na mawili ya waliohudhuria yaliandikwa kwa mwandiko mmoja, na saini zote zikaegemea upande mmoja. Karatasi kama hiyo inaweza kupita leo, lakini ndiyo itakayowekwa mezani siku shauri litakapofika mahakamani, na kughushi ni kosa la jinai.

Hisa zikisha kugawiwa, kampuni hupaswa kuwasilisha taarifa ya mgao wa hisa hizo kupitia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao wa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ikionyesha nani amepata hisa ngapi na kwa malipo gani. Anayechelewa hutozwa, na tozo hiyo huendelea kukua kadiri miezi inavyopita. Kampuni binafsi pia haipaswi kuzidi wanahisa 50, bila kuhesabu waajiriwa wake, wala kuutangazia umma hisa zake. Wanaopita minadani kuwauzia wakulima hisa wajue wameingia katika eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwekezaji aliyeingia kwa jina la mtu mwingine ni lazima atajwe kama mmiliki manufaa, yaani mtu anayefaidika hasa na hisa hizo, takwa lililoongezwa kwenye sheria mwaka 2020, na pale umiliki unapobadilika kwa zaidi ya nusu kampuni iulize mapema TRA kuhusu athari za Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004.

Msajili hupokea nyaraka na kutunza kumbukumbu; hakadirii bei ya hisa wala hafuti mgao wa hisa kwa sababu mwanahisa hakuridhika nao. Kumlaumu ofisa aliyepo dirishani hakubadilishi hilo. Mwanahisa anayetilia shaka aanze kwa kukagua rejista ya wanahisa na mihtasari ya mikutano mikuu katika ofisi ya kampuni, haki aliyonayo bila malipo. Mihtasari ya bodi ni suala jingine na asitarajie kuonyeshwa. Wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kuwataka wakurugenzi, kwa maandishi yenye saini na sababu, waitishe mkutano mkuu wa dharura, na wakurugenzi wana siku 21 za kuchukua hatua. Barua hiyo ipelekwe kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Yakishindikana hayo, kifungu cha 233 cha sheria hiyo kinamruhusu mwanahisa kuiomba Mahakama Kuu iingilie pale ambapo mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomwonea yeye au sehemu ya wanahisa, na hisa zilizotolewa kwa makusudi ya kuwapunguzia wengine nguvu ya kura zinaweza kuwa msingi wa ombi hilo. Mahakama ina masjala Mtwara, hivyo hakuna ulazima wa kwenda Dar es Salaam. Waombaji wafike wakiwa na hati za hisa, stakabadhi za malipo, katiba ya kampuni na barua walizoandika kabla ya mgao wa hisa kufanyika, kwa kuwa aliyepinga mapema kwa maandishi husikilizwa tofauti na aliyenyamaza mpaka kiwanda kikaanza tena kutoa faida.