Kabla hujaling'oa kongwa, chimba kidogo

Mkulima akitaja kongwa, huwa tayari ameshika jembe. Namwelewa. Lakini jina hilo moja limebeba mimea mingi ya jenasi Commelina, na miongoni mwake upo mmoja ninaoupenda kwa dhati: Commelina erecta. Unaota kiasili huku kwetu Afrika Mashariki, na vilevile Amerika, kuanzia Marekani hadi Argentina.

Utafute asubuhi, maana ikifika adhuhuri ua limeshanywea na kuwa ute. Petali mbili za buluu husimama juu kama masikio. Ya tatu iko chini, nyeupe, ndogo mno hata wanafunzi wangu huapa kwamba haipo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliona katika maua ya jenasi hii Waholanzi watatu wa ukoo wa Commelijn: wawili walivuma katika botania, wa tatu akafariki kabla hajatimiza lolote.

Nekta haimo. Nyuki huvutwa na vistameni (viungo vya kiume vya ua) tasa vya manjano, vyenye umbo kama msalaba, vinavyoonekana vimejaa chavua. Akivihangaikia hivyo, stameni zenye rutuba zilizojitokeza mbele humpaka chavua mwilini.

Sasa chimba. Kongwa linalosumbua mashamba, Commelina benghalensis, hupeleka vijitawi vyeupe ardhini, navyo huchanua humohumo gizani, maua yasiyofunguka kamwe lakini yanayozaa mbegu. Tena kipande cha shina kikiachwa kwenye udongo mbichi hutoa mizizi penye vifundo. Ndiyo maana unapalilia leo, likarudi baada ya mvua.

Commelina erecta haina maua ya chini ya ardhi. Utakuta fungu la mizizi minene, yenye nyama, iliyojaa akiba ya maji na chakula. Kiangazi kikikausha mashina, uhai unabaki humo, na mvua za kwanza zinapotua machipukizi hutokea palepale pa mwaka jana. Kila ninapoyaona nafurahi kama nimepokea mgeni.

Kama hutaki kuchimba, tazama jani linapokumbatia shina. Benghalensis huwa na nywele za rangi ya kutu. Erecta huwa na vijisikio viwili. Na ukitaka kuihamishia nyumbani, zungusha jembe mbali na shina ili fungu lote litoke zima, kisha ulipande penye jua, kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji.