Mama mchungaji naye huchoka: dhana potofu kuhusu afya ya moyo na roho

Dhana: Mtumishi aliyejaa Roho hawezi kupata sonona.

Naianza hii kwa sababu ndiyo inayowanyamazisha wengi. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa, na huchangiwa na mengi: kurithi, mabadiliko ya homoni kama yale ya baada ya kujifungua, kufiwa, msongo wa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linasema huwapata wanawake takriban mara moja na nusu zaidi ya wanaume. Upako haumwondoi mtu katika hesabu hiyo.

Mtazame nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka tu kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, halafu anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Mungu kuzungumza naye mlimani Horebu kulikuja baadaye. Na Mama Teresa, aliyefariki mwaka 1997? Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 alihisi giza rohoni, huku akiendelea kusali na kuwahudumia maskini.

Dhana: Kwenda kwa daktari au mshauri ni kukosa imani.

Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Huzuni, kukosa usingizi au kutoona raha katika chochote kukizidi wiki mbili, mwone mtaalamu. Wazo la kutaka kufa halisubiri hata siku moja. Na kama umeshaanzishiwa dawa, usiziache ghafla kwa kuwa umeombewa. Zungumza kwanza na daktari aliyekuandikia.

Dhana: Kupumzika ni uvivu, mavuno ni mengi.

Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake waende faraghani wakapumzike kidogo, kwani hata nafasi ya kula hawakuwa nayo (Marko 6:31).

Dhana: Mama wa kanisa hapaswi kueleza udhaifu wake.

Hapa ndipo mzigo ulipo. Mwanamke huyu amesikiliza siri za ndoa za watu, amekesha na wafiwa, amepatanisha wanakwaya, na yote ameyafungia kifuani. Nani anamwuliza, "Na wewe, mama, unaendeleaje?" Matokeo yake huja taratibu. Simu inaita, anaona jina la muumini, moyo unashtuka. Anafungua Biblia kuandaa somo la wengine, lakini hakumbuki lini aliisoma kwa ajili ya nafsi yake. Anaitikia "Amina" huku ndani amekufa ganzi. Wengine huanza kuwachukia watu wale wale waliokuwa wakiwalilia kwenye maombi, kisha wanajihukumu kwa hilo.

Anahitaji mtu wa kumwambia ukweli, na mara nyingi ni afadhali awe nje ya usharika wake: mtumishi mwenzake aliyekomaa, mama wa kiroho, au mshauri aliyesomea kazi hiyo. Anaweza kueleza yanayomlemea yeye bila kutaja majina wala kufichua siri alizokabidhiwa. Kanisa nalo ligawe majukumu, kama Yethro alivyomshauri Musa, mkwewe, asibebe kazi yote peke yake. Si haki mtu mmoja aongoze wanawake, afundishe watoto, apokee wageni na kutembelea wagonjwa, eti kwa sababu ameolewa na mchungaji.

Dhana: Mke wa mtumishi akipigwa, asamehe na kunyamaza asiaibishe huduma.

Hili nalisema bila kulizungusha: kusamehe si kurudi kwenye hatari, na kipigo hakigeuki kuwa kitu kingine kwa kuwa anayepiga anahubiri. Anayepigwa anahitaji kwanza mahali salama, daktari wa kumpima, na msaada wa vyombo vya sheria. Kuwaketisha wote wawili mbele ya wazee ili "wayamalize" kunaweza kumwongezea hatari, maana atakalolisema pale ndilo atakalopigiwa wakifika nyumbani.