Neno refu la Kiholanzi halisisitizwi mwishoni

Wengi wetu tunaojifunza Kiholanzi tunabeba mazoea ya Kiswahili: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Tunasema mwana-FU-nzi, kisha tunakutana na ziekenhuis, yaani hospitali, tunasema zie-KEN-huis. Mholanzi anakukodolea macho.

Neno hilo ni mawili yaliyounganishwa: zieken, wagonjwa, na huis, nyumba. Katika maneno ya namna hii, mkazo mkuu kwa kawaida unabaki pale ulipokuwa katika neno la kwanza: ZIE-kenhuis. Ongeza opname, kulazwa, upate ziekenhuisopname. Mkazo bado uko ZIE, hata neno lirefuke vipi. Yapo maneno yanayokaidi, kama stadhuis, jengo la manispaa, linalotamkwa stad-HUIS. Hayo ni ya kukariri tu.

Kosa la pili ni kukata silabi kwa kuhesabu herufi. Avondeten, chakula cha jioni, hukatwa avond-eten. Ukikata avon-deten umevunja neno la watu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni massagebed. Likikatwa massage-bed, mkazo uko SA, nacho ni kitanda cha kukandwa. Likikatwa massa-gebed, mkazo unahamia MAS, na maana inakuwa sala ya umati. Herufi ni zilezile kumi! Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kufungua mdomo, tafuta kwanza maneno yameungana wapi.