Robin Williams alisomea uigizaji, jamani

Juzi tena. Kijana mchekeshaji, jukwaani ni moto wa kuotea mbali, kaja mazoezini hajashika hata mstari mmoja. Namuuliza, ananijibu bila wasiwasi: "Mwalimu, kwani Robin Williams alikuwa anashika mistari? Si walikuwa wanawasha kamera tu, yeye anatiririka?"

Nimechoka na hadithi hii. Nimeisikia kwa wanafunzi, kwa waongozaji, kwa watu wazima wanaolipwa kuandika kuhusu filamu. Siku zote nanyamaza kwa adabu. Leo hapana.

Williams, mwigizaji na mchekeshaji wa Marekani, alizaliwa Chicago mwaka 1951. Mwaka 1973 aliingia Juilliard, chuo cha sanaa za maonyesho kilichoko New York, enzi ambazo John Houseman ndiye aliyekuwa akiongoza idara ya tamthilia, akasoma pamoja na Christopher Reeve, yule wa Superman. Akatoka 1976. Hiyo ni miaka ya kufundishwa sauti, pumzi, mwili na tamthilia za kale, na kabla ya hapo alikuwa ameshaigiza vyuoni California. Jina lake kwenye klabu za vichekesho lilikuja baadaye. Kwa hiyo hata ule usemi wa "mchekeshaji aliyegeuka mwigizaji" kwake umekaa kinyumenyume.

Kuna picha ninazopenda kuwaonyesha wanafunzi. Mwaka 1974 mpigapicha Daniel Sorine aliwapiga vijana wawili waliokuwa wakiigiza bubu Central Park, nyuso zimepakwa rangi nyeupe. Miaka mingi ikapita ndipo akagundua kwamba mmoja wao ni Robin Williams. Mtu tunayemkumbuka kwa kutofunga mdomo alikuwa anasimama hadharani kuwashika watu kwa mikono na shingo tu, bila neno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1978 alitokea kama Mork, kiumbe kutoka sayari nyingine, katika kipindi cha televisheni cha Happy Days, na mwaka uleule akapewa tamthilia yake, Mork & Mindy, iliyodumu hadi 1982. Hiyo ilirekodiwa mbele ya hadhira, kumbukeni hilo, maana ndipo hoja yangu ilipo.

Jukwaani mwenzako ni hadhira. Unatupa panchi, ule mstari wa kuchekesha, wanacheka, kicheko kinapoanza kushuka unaingia na inayofuata. Kicheko ndicho saa yako. Sasa mtu aliyezoea kwa miaka kupimiwa muda na ukumbi mzima anapelekwa kwenye seti ambako kila mtu amebana pumzi asiharibu sauti, mwenzake ni mmoja tu, naye hacheki. Hapo ndipo wengi wanapotea, na ninawajua kwa macho. Mwenzake anaongea, yeye macho yako wazi lakini hayapokei kitu, anasubiri mwenzake amalize ili aingie. Maneno yanatoka sawasawa, hata yanachekesha, ila onyesho limekufa, kwa sababu jibu lake lingekuwa lilelile hata kama mwenzake angesema jambo jingine kabisa.

Watu huniambia mchekeshaji ana faida kwa sababu "muda anaujua". Kauli hiyo ndiyo inayonikera kuliko zote. Muda gani? Muda wa jukwaani unaushika peke yako. Muda wa onyesho mnaushika wawili, kama watu wanaoshusha meza kwenye ngazi: ukienda kwa mwendo wako, mwenzako anaumia. Ndiyo maana ninamheshimu sana Pam Dawber, aliyekuwa Mindy. Miaka yote ile alikuwa ameshika upande wa pili wa meza, na sifa zikaenda kwa Mork.

Watetezi wa hadithi ya kutiririka hukimbilia filamu ya Good Morning, Vietnam ya 1987, ambamo ni mtangazaji wa redio ya jeshi. Kweli, matangazo yale ya redio sehemu kubwa aliyabuni papo hapo, na mwongozaji Barry Levinson alimwachia. Lakini tazama alikopewa uhuru huo: ndani ya studio, peke yake na maikrofoni. Wamempa jukwaa. Uigizaji wenyewe uko nje ya studio, pale msafara wa malori ya wanajeshi unapokwama njiani naye anaanza kutaniana nao, anawauliza majina na wanakotoka. Kisha malori yanaondoka. Angalia uso wake yanapoondoka. Hakuna panchi pale, kuna mtu aliyewasikia vijana wale mmoja mmoja na sasa anajua wanakopelekwa.

Halafu Good Will Hunting, 1997, iliyompa Oscar baada ya kuteuliwa mara tatu bila kushinda. Lile onyesho la benchi katika bustani ya Boston Public Garden nimelirudia mara nyingi hadi nimelikariri. Anaongea kwa muda mrefu, Matt Damon kando yake kimya, na hakuna hata sentensi moja inayoomba kicheko. Watu watanijibu kwa kile kisa cha mke anayejamba usingizini, ambacho Williams alikibuni palepale, Damon akacheka kweli na kamera ikatikisika kidogo. Sawa. Lakini alibuni nini? Alibuni kumbukumbu ya mjane, kitu kidogo cha aibu ambacho ni mume pekee angekijua na kukikumbuka kwa uchungu. Kile kichekesho ni mali ya Sean Maguire, mhusika aliyemwigiza. Ukikiondoa ukakipeleka klabu, ni kisa cha kujamba tu. Kubuni kwa namna hiyo kunamtaka mtu awe ameumeza muswada kwanza.

Mwaka 2002 alifanya filamu za One Hour Photo na Insomnia, akapunguza kasi yote aliyokuwa nayo, akawa wa kuogofya. Kazi hizo hazizungumzwi vya kutosha.

Jambo moja nitalisema haraka kwa sababu linanipandisha hasira. Alipofariki Agosti 11, 2014, akiwa na miaka 63, wengi waliandika kuhusu "huzuni ya mchekeshaji". Uchunguzi wa mwili ulionyesha ugonjwa wa ubongo, ule wa chembe za Lewy. Mkewe, Susan, aliueleza hadharani mwaka 2016. Acheni kutumia ugonjwa wa mtu kama nadharia ya sanaa.

Hata hivyo mbinu yangu mwenyewe nina mashaka nayo. Wapo wachekeshaji niliowafundisha kusikiliza wakawa waigizaji wazuri, kisha wakarudi jukwaani wakiwa wapole mno, wanangoja ruhusa. Makali yalipotea, na huenda mimi ndiye niliyeyanoa vibaya. Williams alikuwa na vyote viwili, na bado zipo filamu zake ambazo upole unageuka utamu unaokinaisha. Patch Adams siwezi kuimaliza.

Yule kijana anarudi kesho. Nimempa onyesho la kurasa tatu ambalo hana mstari hata mmoja. Binti anayeigiza naye anamweleza jinsi baba yake alivyoondoka nyumbani, na nimemruhusu abadilishe maneno kila tunaporudia bila kumwonya kijana. Kijana kazi yake ni moja: mwishoni aamue kama atafungua mlango.