Jina Pepe halikutokana na herufi P.P.

Hispania, mtu aliyebatizwa José, yaani Yosefu, huitwa Pepe nyumbani na mtaani. Kwa miaka mingi watu wameelezwa kuwa asili yake ni herufi P.P.: eti Mtakatifu Yosefu aliandikwa kwa Kilatini pater putativus, yaani baba wa kudhaniwa wa Yesu, na wasomaji wakazitamka herufi hizo "pe-pe". Sifa hiyo ya Yosefu ni ya kweli katika mapokeo ya Kanisa, lakini jina halikuzaliwa huko.

Zamani Wahispania walisema pia Josepe na Jusepe. Mchoraji Ribera, aliyezaliwa 1591, hadi leo anajulikana kama Jusepe. Rudia silabi ya mwisho, kama afanyavyo mtoto anayejifunza kusema, upate Pepe. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwa majirani. Waitalia humwita Giuseppe jina la Peppe, na Wakatalani, watu wa Katalunya nchini Hispania, humwita Josep jina la Pep, ndiyo maana kocha wa soka Josep Guardiola tunamjua kama Pep. Hapo herufi P.P. hazina kazi yoyote.

Josefa, jina la kike la José, naye huitwa Pepa. Hata Katiba ya Cádiz, katiba ya Hispania iliyotangazwa mjini Cádiz 19 Machi 1812, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, wananchi waliiita La Pepa.